Daraja Halikaushi Mto

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wachungaji wa usharika mbele ya washarika na wageni wa dayosisi, katika juma la maadhimisho ya miaka 100)

Baba Askofu, Mkuu wa Jimbo, wachungaji wenzangu, wainjilisti, wazee wa kanisa, wanakwaya, wapiga matarumbeta, wageni wetu wapendwa na ninyi nyote washarika,



Kamati ya maadhimisho iliniomba nizungumze juu ya muziki kama njia ya kuwaunganisha watu waliotengana. Ningeweza kuwasimulia habari za kwaya zetu na kikundi chetu cha matarumbeta, lakini habari hizo zinasimuliwa juma hili na wazee waliokuwapo, nao wanazijua kuliko mimi. Kwa hiyo nimechagua mfano wa mbali, nao ni ule wa okestra iliyoanzishwa mwaka 1999 na Mpalestina na Mwisraeli, ambamo vijana wa Kiyahudi na wa Kiarabu huketi pamoja na kupiga muziki mmoja.

Nimeuchagua mfano huu kwa sababu moja. Kila penye sherehe husemwa kwamba muziki huunganisha watu. Neno hilo ni tamu, na ni rahisi kulisema mahali ambapo watu wamekwisha kupendana. Lakini dhahabu hupimwa kwa moto. Tukitaka kujua kama muziki ni daraja kweli, yatupasa kuutazama pale ambapo mto ni mpana na maji yanakwenda kwa nguvu. Mto huo upo katika nchi ambayo sisi sote tunaitaja kila Jumapili tunapoyasoma Maandiko, lakini yamkini hatuwafikirii sana watu wanaoishi humo leo.

1. Neno moja lenye maana mbili

Nianze na jina. Okestra hiyo inaitwa West-Eastern Divan, na kwa lugha yetu twaweza kuiita Okestra ya Diwani ya Magharibi na Mashariki. Jina limetoka katika kitabu cha mshairi Mjerumani Johann Wolfgang von Goethe, kilichotolewa mwaka 1819. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 1814, Goethe akiwa na umri wa karibu miaka 65 alipata tafsiri ya Kijerumani ya mashairi ya Hafiz, mshairi Mwislamu wa karne ya 14 aliyeishi Shiraz, mji wa Uajemi ambao jina lake watu wa pwani yetu wanalijua sana. Goethe hakuwahi kufika Uajemi. Hata hivyo alivutwa na sauti ya mshairi huyo aliyekufa zaidi ya miaka 400 kabla yake, akajibu mashairi kwa mashairi. Katika uzee wake alijizoeza hata kuandika herufi za Kiarabu. Kitabu kilichozaliwa akakiita diwani.

Ndugu zangu, neno hili halihitaji mfasiri kwetu. Mswahili akisema diwani, aweza kuwa na maana ya mkusanyo wa mashairi, kama tunavyosema diwani ya mshairi fulani. Aweza pia kuwa na maana ya mjumbe tuliyemchagua aende akatusemee katika halmashauri. Maana hizi mbili hazikukutana kwa bahati. Katika Kiajemi na Kiarabu, ambako neno lilitoka, diwani ilikuwa daftari na kitabu cha mashairi, na ilikuwa pia baraza wanamoketi watu kushauriana. Basi jina la okestra hii limebeba mambo mawili kwa pamoja, sanaa na baraza. Waanzilishi waliyataka yote mawili, na mtu akiondoa mojawapo hataielewa kazi yao.

2. Rafiki wawili

Waanzilishi hao walikuwa Edward Said na Daniel Barenboim. Said alizaliwa Yerusalemu mwaka 1935 katika familia ya Kikristo ya Kipalestina, akakulia kwa sehemu kubwa Cairo, na baadaye akawa profesa wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Aliandika kwa ukali juu ya namna watu wa Magharibi wanavyowachora watu wa Mashariki, na aliwatetea Wapalestina kwa kalamu yake hadi mwisho. Alikuwa pia mpiga piano hodari. Barenboim alizaliwa Buenos Aires mwaka 1942 katika familia ya Kiyahudi, akaanza kupiga piano mbele ya watu akiwa na umri wa miaka 7, na mwaka 1952 wazazi wake wakahamia naye Israeli. Alipokua akawa mmoja wa viongozi wa okestra wanaojulikana zaidi duniani.

Wawili hao walikutana London mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakawa marafiki. Hawakukubaliana katika kila jambo, wala urafiki wao haukuwadai wakubaliane. Mapema mwaka 1999 Barenboim alikwenda kupiga piano katika Chuo Kikuu cha Birzeit, kwenye Ukingo wa Magharibi, mbele ya wasikilizaji Wapalestina, na Said alikuwa miongoni mwa waliolifanya jambo hilo liwezekane. Katika mwaka huohuo mji wa Weimar nchini Ujerumani ulikuwa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya, na ilikuwa pia miaka 250 tangu Goethe azaliwe. Rafiki hao wakawaalika huko vijana wanamuziki kutoka Israeli na nchi za Kiarabu, pamoja na vijana wa Kijerumani, wafanye mazoezi pamoja.

Kwetu Walutheri, Weimar si mji mgeni. Johann Sebastian Bach, mwanamuziki wa kanisa letu, alihudumu huko tangu mwaka 1708 hadi 1717. Lakini Weimar ina jirani wa kutisha. Kwenye mlima ulio umbali wa kilomita chache kutoka mjini, Wanazi walijenga mwaka 1937 kambi ya mateso ya Buchenwald, na zaidi ya watu 50,000 walikufa humo. Katika kambi hiyo kilikuwapo hata kikundi cha wafungwa waliolazimishwa kupiga muziki wakati wenzao wakienda na kurudi kutoka kazi za sulubu.

Tafadhali tulishike hilo kabla hatujaendelea. Watu waliojenga kambi ile walikulia katika nchi ya Bach na Beethoven. Wengi wao waliupenda muziki huo, na muziki haukuwazuia. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba sauti tamu peke yake huutakasa moyo wa binadamu. Vijana wale wa mwaka 1999 walipelekwa kuiona Buchenwald kwa macho yao, Wayahudi, Waarabu na Wajerumani kwa pamoja. Kisha wakarudi kwenye vyombo vyao.

3. Fidla mbili, stendi moja

Ni nini basi kinachofanya kazi ya daraja, ikiwa si utamu wa sauti? Naomba mnivumilie nieleze namna okestra inavyofanya kazi, maana jibu limo humo.

Okestra kubwa ina wapigaji 80 au zaidi. Kabla ya kuanza, chombo kimoja kiitwacho obo hutoa sauti moja, na wote hurekebisha vyombo vyao kwa sauti hiyo. Hakuna anayesema, “Chombo changu ni cha gharama kubwa, wengine wanifuate mimi.” Wapigaji wa fidla huketi wawili wawili, kila wawili wakisoma nota kwenye stendi moja. Ukurasa ukiisha, yule wa ndani huacha kupiga na kuufunua, naye wa nje huendelea ili sauti isikatike. Kwa sekunde hizo mmoja hunyamaza kwa faida ya wote, na mwenzake hupiga kwa niaba ya wawili.

Barenboim amesimulia habari za kijana Msiria ambaye kabla ya Weimar hakuwahi kukutana na Mwisraeli. Kwake Mwisraeli alikuwa adui tu, mtu asiye na uso. Akajikuta ameketi kwenye stendi moja na kijana Mwisraeli. Ikawabidi wapige nota ileile, kwa nguvu ileile, kwa mwendo uleule wa upinde na kwa hisia moja. Hakuna aliyewaambia wapendane. Waliambiwa wapige vizuri. Lakini huwezi kupiga vizuri pamoja na mtu usiyemsikiliza, na ukimsikiliza mtu kwa siku nyingi namna hiyo hawezi tena kubaki bila uso.

Said naye alisimulia jambo lililotokea katika mazungumzo ya jioni, kwa maana mchana ulikuwa wa mazoezi na jioni ilikuwa ya baraza. Kijana mmoja alilalamika kwamba Waarabu waliokuwa wakipiga muziki wao baada ya kazi walimkataza kujiunga nao, wakidai kuwa muziki wa Kiarabu hupigwa na Mwarabu pekee. Ndipo mwingine akauliza, ikiwa ni hivyo, ninyi msio Wajerumani mmepata wapi haki ya kumpiga Beethoven? Swali likabaki hewani. Siku chache baadaye, yuleyule aliyekuwa akidai hivyo alionekana akimfundisha mpiga chelo mashuhuri Yo-Yo Ma, Mmarekani mwenye asili ya China, namna ya kukirekebisha chombo chake kifuate mizani ya sauti ya Kiarabu.

Waliokaa Unguja wataelewa uzito wa jambo hilo. Mizani ile ina sauti zinazokaa katikati ya vibao vya kinanda, na sikio lisilozoea huzidhania kuwa makosa. Katika taarabu, fidla iliyotoka Ulaya imekaa miaka mingi kando ya udi na kanuni, ikajifunza sauti hizo. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905, ni kikongwe kuliko usharika wetu, na ni ushahidi kwamba chombo hakiulizi kabila la mkono unaokishika. Huuliza tu kama mkono huo umekubali kujifunza.

4. Ramallah, Agosti 2005

Kuanzia mwaka 2002 okestra ilipata makao yake ya kiangazi kusini mwa Hispania, katika jimbo la Andalusia, ambako kwa karne kadhaa Waislamu, Wayahudi na Wakristo waliishi jirani. Said alikuwa akiugua kwa muda mrefu, na tarehe 25 Septemba 2003 akafariki dunia. Mjane wake, Mariam Said, akaendelea na kazi pamoja na Barenboim.

Miaka miwili baadaye wakaamua kwenda kupiga Ramallah, mji wa Wapalestina. Tuelewe ugumu wake. Sheria ya Israeli iliwakataza raia wake kuingia katika miji iliyo chini ya mamlaka ya Wapalestina. Wasiria na Walebanoni nao walikatazwa na nchi zao kwenda huko na kushirikiana na Waisraeli. Kila kijana alikuwa na jambo la kuogopa, njiani au kwao atakaporudi. Ndipo serikali ya Hispania ikawapa wanamuziki wote pasipoti za kidiplomasia ili waweze kupita.

Tarehe 21 Agosti 2005 wakapiga katika Jumba la Utamaduni la Ramallah. Kazi kuu ilikuwa Simfoni ya Tano ya Beethoven. Nataka wapiga matarumbeta wetu wanisikilize vizuri hapa, maana simfoni hiyo ina somo lao. Ina sehemu nne. Katika sehemu tatu za kwanza tromboni hazipigi hata nota moja. Wenye tromboni huketi na vyombo vyao magotini, kama dakika 20, wakisikiliza. Muziki wa sehemu hizo una giza na mashaka, nao wamo ndani yake bila kutoa sauti. Sehemu ya nne inapoanza, tromboni huingia, na jumba zima hujaa mwanga. Mtu aliyetoka nje kwenda kupunga upepo kwa kuwa zamu yake haijafika, hataweza kuingia pale kwa nguvu inayotakiwa. Kunyamaza kwake ni sehemu ya wimbo.

Baada ya tamasha wageni walikwenda zao. Kesho yake asubuhi vizuizi vya barabarani vilikuwa palepale, askari palepale, na ukuta palepale. Hilo nalo lazima lisemwe, hasa na sisi tunaosimama madhabahuni, ambao mara nyingine tuna haraka ya kutangaza amani mahali ambapo haijafika.

5. Walioikataa na waliobaki

Okestra hii haikupendwa na wote. Wapo Wapalestina waliosema kwamba inaonyesha usawa ambao haupo. Jukwaani Mwisraeli na Mpalestina huketi bega kwa bega, lakini nje ya jukwaa mmoja hukaguliwa na mwenzake akienda shambani kwake. Walihofu kwamba ulimwengu utapiga makofi, kisha utalala usingizi ukidhani tatizo limekwisha. Hoja hiyo si ya mtu mwenye chuki. Ni hoja ya mtu aliyechoka kusifiwa uvumilivu wake badala ya kupewa haki yake. Kwa upande wa pili wapo Waisraeli waliomwona Barenboim kuwa msaliti. Mwaka 2008 alipokubali uraia wa heshima wa Palestina, wanasiasa wengine walitaka avuliwe uraia wa Israeli.

Vita navyo viliipima. Katika kiangazi cha mwaka 2006, vita kati ya Israeli na Hezbollah vilipopiganwa Lebanoni, baadhi ya wanamuziki kutoka Lebanoni na Siria hawakuja. Waliokuja walipiga huku wakisubiri habari za nyumbani kwao. Kisha ikaja tarehe 7 Oktoba 2023, siku ambayo wapiganaji wa Hamas waliingia Israeli wakaua watu wapatao 1,200 na kuteka wengine, na vita vilivyofuata Gaza vikaua makumi ya maelfu ya Wapalestina, wakiwamo watoto wengi. Mtu angeweza kusema kwamba hapo daraja lilivunjika. Lakini Agosti 2024, okestra ilipotimiza miaka 25, ilifanya ziara na kupiga katika miji ya Ulaya, ikiwamo London. Waliketi wawili wawili kama kawaida. Ninajaribu kufikiri ni nini kilichomo moyoni mwa mtu anayefunua ukurasa kwa ajili ya jirani wa namna hiyo, katika mwaka wa namna hiyo, na kwa kweli maneno hunipungukia.

Je, walishindwa? Hilo ndilo swali la hotuba hii, nami nitalijibu kwa mfano ambao kila mtu wa kwetu anaujua. Sisi tunaoishi na mito tunajua kazi ya daraja. Daraja halikaushi mto. Halipunguzi maji wala haliwaondoi mamba. Masika ikija, mto hufurika chini yake kama ulivyofurika kabla halijajengwa. Mtu akilijenga kwa kutarajia mto utakauka, atalibomoa kwa hasira mvua ya kwanza ikinyesha. Na mtu akiliona daraja akasema kwamba sasa mto haupo, huyo atazama. Daraja hufanya kazi moja tu, kwamba wa ng’ambo hii aweza kumfikia wa ng’ambo ile angali hai, akamwona uso, akarudi kwao na habari za kweli.

Kwa kipimo hicho okestra ile haikushindwa. Barenboim na Said hawakudai kwamba watu wakipiga pamoja watapata mkataba wa amani. Walipambana na kutojuana. Haki ya Wapalestina ni kazi inayodai sheria, siasa na toba, wala hakuna fidla inayoweza kuifanya badala yake. Usalama wa Waisraeli nao ni hivyohivyo. Lakini siku watu wa pande mbili watakapoketi katika baraza kuitafuta haki hiyo, watahitajika watu wanaojua kunyamaza mwenzao anaposema. Watu hao hawaoti kama uyoga. Hulelewa polepole, zoezi kwa zoezi.

Ndiyo maana mwaka 2016 kilifunguliwa Berlin chuo kinachoitwa kwa majina ya rafiki wale wawili, Barenboim-Said Akademie, ambamo vijana, wengi wao kutoka Mashariki ya Kati, hujifunza muziki na pia falsafa, historia na fasihi. Sanaa na baraza vimebaki pamoja, kama jina la diwani linavyodai. Barenboim mwenyewe ametangaza mwaka 2025 kwamba ana ugonjwa wa Parkinson. Mikono iliyojenga inachoka, na hapo ndipo hujulikana kama kazi ilikuwa ya mtu mmoja au ya watu wengi.

6. Somo kwa usharika wa miaka mia

Sasa nirudi nyumbani. Matarumbeta yaliletwa kwetu na wamishonari Wajerumani, ambao makanisa ya kwao yalikuwa na vikundi vya namna hiyo tangu karne ya 19. Leo hakuna mzee wa hapa anayeyaita vyombo vya kigeni. Ndiyo yanayotuamsha alfajiri ya Pasaka, na ndiyo yanayotusindikiza makaburini. Majirani zetu Waislamu wanaokuja kutuzikia wafu wetu huzijua tuni hizo kama sisi. Daraja hilo tumelirithi, nasi hatukulipa gharama yake.

Lakini baraza letu likoje? Naomba niseme kwa upendo, kama mtu aliyewabatiza wengi wenu. Usharika huu una kwaya nyingi, na kila kwaya ina sare yake, kinanda chake, spika zake na mfuko wake. Hayo si mabaya. Mwili una viungo vingi, kama Mtume Paulo alivyowafundisha Wakorintho. Ila nimeona kwa miaka mingi kwamba kwaya ikimaliza kuimba, nusu yake hutoka nje, na hurudi karibu na mwisho wa ibada. Kwaya ya vijana haijui nyimbo za Kwaya Kuu, na Kwaya Kuu haitaki kuzisikia za vijana. Tukiulizwa, tutasema kwamba muziki umetuunganisha. Je, ni kweli? Umetupanga kwa zamu, na mtu aweza kungojea zamu yake mwaka mzima asimsikie mwenzake hata siku moja.

Wala si kwaya tu. Tuna wenyeji na wahamiaji, tuna koo zilizogombea mipaka ya mashamba tangu enzi za babu zetu, tuna waliosoma wanaowaonea haya wasiosoma, na wasiosoma wasiowaamini waliosoma. Mito yetu ni midogo ukiilinganisha na ile niliyoisimulia. Lakini mtu huzama hata katika kijito.

Kwa hiyo ninayo maombi matatu, nami nayaweka mbele ya Baraza la Wazee ili yasibaki kuwa maneno ya sherehe. Kwanza, kwamba kwaya zote zikae kanisani tangu mwanzo wa ibada hadi baraka, kama wenye tromboni wanavyoketi katika Simfoni ya Tano. Pili, kwamba mara moja kila mwezi tuimbe wimbo mmoja wa sauti nne kwa kuchanganya waimbaji, kijana ashike kitabu kimoja na mzee, na yule mwenye macho makali amfunulie mwenzake ukurasa. Tatu, kwamba baada ya zoezi hilo waketi nusu saa wazungumze, wala wasizungumze habari za muziki peke yake. Wayaseme hata yale yanayouma, ya mashamba na ya mirathi, mzee akiwapo wa kuongoza. Bila baraza, tutakuwa tumechukua nusu tu ya diwani.

Najua watakaosema kwamba hilo halitamaliza ugomvi wa mipaka. Nami nasema, ni kweli, halitaumaliza. Ugomvi wa mipaka utaamuliwa kwa ushahidi na kwa haki, mbele ya wanaohusika, na kanisa lisithubutu kuufunika kwa pambio. Ila ni jambo jingine kabisa kwenda kwenye shauri na mtu ambaye Jumapili iliyopita ulimfunulia ukurasa. Utadai haki yako yote, lakini hutasahau kwamba ana uso.

Wazee waliouanzisha usharika huu walitoka katika koo tofauti, na wengine wao walikuwa hawasalimiani kabla ya kukutana chini ya Neno. Waliimba kutoka vitabu vichache vilivyopokezanwa mkono kwa mkono. Sisi tuna vitabu vya kutosha na spika za kusikika hadi ng’ambo ya bonde. Tumejaliwa sauti. Tuombe sasa masikio, ili watakaokusanyika hapa baada ya miaka mia nyingine wakute tuliwaachia kitu kinachopitika.

Mungu aubariki usharika wetu, awabariki wageni wetu, na awakumbuke watu wote wa Yerusalemu, Ramallah na Gaza, kila mmoja kwa jina lake.